Mkono wa Zuhura

Jumatano, 10 Julai

Nimefunga duka mapema. Biashara ya mabeseni imelala wiki nzima. Ndoo zinatoka moja moja, chupa za chai ndiyo kabisa. Spika za wauza nguo zimenipasua kichwa tangu asubuhi.

Nyumbani nimemkuta mke wangu Zuhura amelala tena. Jua bado lipo, yeye kitandani. Binti yetu Rehema ndiye aliyekuwa jikoni, kitabu cha baiolojia kakiegemeza kwenye dumu la mafuta. Ana jaribio la mifupa keshokutwa. Kanisomea huku anachambua mchele. Mtu mzima ana mifupa mia mbili na sita. Mtoto mchanga ana mingi zaidi, inaungana kadiri anavyokua. Ndani ya mifupa mikubwa kuna uboho, na humo ndimo damu inamotengenezwa. Sikujua hata kimoja. Nilidhani mfupa ni kama mti mkavu, upo tu kutusimamisha.

Zuhura kala vijiko vichache. Kasema amechoka. Kila siku amechoka. Nimechukia.

Jumamosi, 13 Julai

Mkono wa Zuhura umevunjika.

Ilikuwa mchana, uani, kwenye mkeka. Rehema yuko tuisheni. Nilimkumbusha Zuhura kwamba jioni tunaenda harusi ya mpwa wangu Tandika. Kasema haendi. Nikapandisha sauti. Nimesema kwamba ananiaibisha kwa ndugu zangu, na huku kuchoka gani kusikoisha. Nyumba yetu wapangaji wanne, ua mmoja. Mama Shani alikuwa dirishani kwake, lazima alisikia kila neno.

Kisha nikaona Zuhura anatokwa machozi. Nikalainika. Nikamwambia basi, inuka ukalale ndani. Nikampa mkono. Kaushika. Nikamvuta kama ninavyomvuta siku zote.

Nikasikia mlio. Mdogo, mkavu, kama biskuti imevunjikia mfukoni. Halafu yowe lake. Mkono ulikunjika kati ya bega na kiwiko, mahali pasipo na kiungo.

Mama Shani katoka mbio. Kamkuta Zuhura yuko chini analia, na mimi nimekishika kiganja chake. Hicho ndicho alichokiona.

Jumapili, 14 Julai

Jana kituo cha afya. Nesi alimtazama Zuhura, akanitazama mimi, akauliza fomu ya polisi iko wapi. Nikasema hakuna kesi hapa, nimempa mkono ainuke. Akaandika bila kuinua uso. Zuhura akasema hivyohivyo: nilikuwa nainuka. Nesi akamwambia, "Mama, hapa unaweza kusema." Zuhura akarudia.

Mwishowe wakampiga picha. Kijana wa zamu kasema mfupa wa mkono wa juu umekatika, pande zimeachana kidogo. Wakamfunga plasta ngumu, mkono ukaning'inizwa shingoni kwa kitambaa. Arudi baada ya wiki kadhaa, utakuwa umeshika.

Rehema hakulala. Asubuhi kamuuliza mama yake mbele yangu mfupa umekatikaje. Mama yake kamjibu. Kisha kanigeukia mimi na kunitazama, kama anasubiri jibu jingine.

Jumanne, 16 Julai

Mtaa mzima unajua. Muuza kahawa hakunitania leo. Jirani yangu wa duka, tumepakana miaka na miaka, kaniambia kwa sauti ya chini, "Hasira bwana, mtu aondoke, azunguke, arudi." Nikamuuliza hasira gani. Kainamia simu yake.

Nimeutazama mkono wangu wa kulia nikiwa nahesabu mabeseni. Nilimvuta kwa nguvu kiasi gani? Nilikuwa nimekasirika. Je, hasira ilikuwa imeisha kweli, au ilikuwa bado imo mkononi? Sijui. Hilo ndilo linalonitisha. Sijui.

Alhamisi, 18 Julai

Shemeji Abdu amekuja kutoka Magomeni na mama yao. Yeye ni kaka mkubwa wa Zuhura, fundi magari, mtu wa maneno machache. Nimemwamkia mama mkwe. Kaitikia marahaba huku anaangalia pembeni.

Hawakugombana. Ingekuwa afadhali. Mama kasema Zuhura anahitaji mtu wa kumwogesha na kumvisha, atakaa kwake mpaka apone. Abdu akafunga begi. Rehema naye akachukua sare zake za shule. Nikasema Rehema abaki. Rehema kasema, "Nitamsaidia mama."

Zuhura mlangoni kanigeukia. Kasema, "Usisahau kula." Kisha wakaondoka.

Chumba ni kikubwa. Sikuwahi kujua.

Jumamosi, 27 Julai

Nimeenda Magomeni na matunda na dawa za maumivu. Wamenikaribisha barazani, kwenye jamvi la wageni. Zuhura katoka. Kakonda. Plasta inaonekana kubwa kuliko yeye. Tumeongea habari za duka, habari za mvua isiyokuja. Mama mkwe alikaa mlangoni muda wote na ungo wake wa choroko.

Nilimsindikiza Rehema kwa macho akipita uani na ndoo. Nikamwita. Kaja, kasimama mbali kidogo na mkono wangu. Mbali kidogo tu. Nikamuuliza jaribio. Kasema amepata vizuri. Nikasema hongera. Kasema asante. Mwanangu wa kumzaa.

Nimerudi kwa miguu mpaka Jangwani. Sikutaka kukaa karibu na mtu.

Jumapili, 4 Agosti

Duka. Chapati ya jana. Hakuna cha kuandika.

Ijumaa, 9 Agosti

Baada ya swala kimefanyika kikao kwa mama mkwe. Mjomba wa Zuhura ndiye mkubwa wa kikao, mzee mtaratibu, sikuwahi kumsikia akimsema mtu vibaya. Abdu yupo. Wazee wawili wa upande wangu wapo, wamekaa kama walioletwa kwa makosa.

Mzee kanipa nafasi nieleze. Nimeeleza. Nimesema nilipandisha sauti, hilo sikatai. Nimesema nilimpa mkono ainuke.

Mzee akafikiri, kisha akasema kwa upole, "Baba Rehema, mkono wa mtu mzima hauvunjiki kwa kuinuliwa."

Hata mimi najua hauvunjiki.

Zuhura akaomba kusema. Kasema, "Hakunipiga. Hajawahi. Ulikatika wenyewe." Niliona jinsi wanavyomwonea huruma. Kadiri anavyonitetea ndivyo wanavyozidi kuamini kwamba nimemtisha. Nikatamani anyamaze.

Kuna kitu kingine. Alipokuwa anasema, alikuwa ameshika kifua kwa mkono mzima. Nilidhani ni uchungu.

Wameamua akae huko mpaka mfupa uunge, ndipo tuongee. Nimekubali. Abdu kanisindikiza mpaka barabarani. Kaniambia, "Nimekuheshimu siku zote, shem. Siku nyingine nitakuja mimi, sio wazee."

Jumanne, 20 Agosti

Wamempeleka kuangaliwa. Mimi nimefuata nyuma, hakuna aliyenialika.

Plasta imefunguliwa. Picha mpya. Mfupa haujaunga hata kidogo. Safari hii alikuwepo tabibu mwingine, mtu mzima. Kaishika ile picha dirishani muda mrefu. Kisha kaomba na ya kwanza. Kaziweka pamoja. Kauliza Zuhura ana umri gani. Arobaini na mbili. Kauliza kama anapata maumivu mahali pengine, mgongo, mapaja. Zuhura kasema mgongo, muda sasa. Kwa nini hukusema, Abdu akauliza. Kasema ni uchovu tu.

Tumeandikiwa kwenda hospitali kubwa kwa daktari bingwa wa mifupa. Tabibu hakusema kwa nini. Ila alimshika Zuhura bega lisilouma alipokuwa anaagana naye, na watu wa hospitali hawana muda wa kushika watu mabega.

Alhamisi, 22 Agosti

Nitaandika yote, nisije nikajidanganya baadaye.

Daktari ni mama wa Kichaga, mfupi, ana miwani ya kamba. Tumeingia watatu: Zuhura, Abdu na mimi. Kauliza ilikuwaje. Zuhura kaeleza. Daktari kauliza nani alimpa mkono. Nikasema mimi. Abdu akakohoa.

Daktari akabandika picha kwenye ubao wenye taa. Kanionyesha mimi, sio Abdu. Sijui aliona nini usoni mwangu.

Kasema mfupa ni kitu hai. Una damu, una mishipa, kila siku unabomoa kidogo cha zamani na kujenga kipya. Ukivunjika, damu inaganda pale, inageuka kama gundi laini, gundi inakuwa ngumu, mfupa unaunga. Hata wa mzee unaunga, taratibu. Ila huu haujengi. Unabomolewa tu. Kaweka kidole kwenye doa, mahali palipofifia kama nguo iliyoliwa na nondo. "Huu ulikuwa umeshaliwa siku nyingi kabla hujamshika. Angenyanyua hata birika ungekatika. Angejigeuza kitandani ungekatika."

Abdu akauliza, "Kwa hiyo hakuvutwa?"

"Alivutwa kama mtu anavyomvuta mtu," daktari akasema. "Tatizo sio mkono uliovuta."

Kisha akatutoa nje, akabaki na Zuhura na nesi. Tumekaa kwenye benchi, mimi na Abdu, tumeachana nafasi ya mtu mmoja.

Tulipoitwa tena Zuhura alikuwa amejitanda kanga mpaka kidevuni. Daktari kasema kuna uvimbe kwenye titi la kushoto. Mkubwa. Wa siku nyingi. Vipimo vitathibitisha, lakini yeye ameshaona wengi: saratani ilianzia huko, ikaenda kwenye mifupa. Mkono, uti wa mgongo, na kwenye paja la kulia pia kuna doa. Uboho nao umeshambuliwa, damu imepungua. Ndiyo maana ya kuchoka.

Ndiyo maana ya kuchoka.

Nikamuuliza Zuhura kama alikuwa anajua. Kasema anaujua uvimbe tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Ulikuwa kama punje ya njegere. Aliogopa kukatwa. Aliona ukitulia, akasema labda utaondoka. Muda wote huo amekuwa akilala amenipa mgongo, amevaa nguo mpaka shingoni. Nilidhani amenichoka.

Nimesafishwa leo. Sikuomba kusafishwa hivi. Ningechagua mtaa wote unitemee mate.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimemkasirikia. Njegere ile ingetolewa. Ningeuza duka. Nimejikasirikia kwa kumkasirikia. Sikufungua. Sikuenda msikitini.

Jumapili, 25 Agosti

Abdu kaja asubuhi, peke yake. Kasimama mlangoni, mikono ina grisi, kama alitoka gereji katikati ya kazi. Nilimwambia aingie. Kakaa. Kanywa maji yote. Kisha akasema, "Nisamehe, shem." Nilitaka kusema hakuna neno. Nililia mimi, akalia yeye, watu wazima wawili kwenye kochi moja.

Mchana Zuhura amerudi nyumbani. Kaomba mwenyewe. Mama mkwe kaja naye, atakaa nasi. Alipovuka kizingiti kanishika kichwa kwa mikono miwili kama mtoto wake.

Rehema alikuwa wa mwisho kuingia. Nilikuwa napanga mito. Kaja nyuma yangu, kaweka paji la uso mgongoni mwangu. Kasema, "Baba, mimi nilidhani." Nikamwambia, "Najua." Kasema tena, "Nilidhani, baba." Tumesimama hivyo mpaka mama yake akaita.

Mama Shani hajatoka chumbani kwake leo.

Jumatano, 4 Septemba

Vipimo vimerudi. Kama alivyosema daktari.

Haitaondoka. Wamesema wazi, nimewashukuru kwa kusema wazi. Watampiga mionzi mkononi na kwenye paja ili kupunguza maumivu na mfupa usizidi kuliwa. Kuna vidonge. Kuna dawa ya maji ya maumivu makali. Asibebe kitu. Asiinuliwe kwa mikono. Nesi kanifundisha: ingiza mkono chini ya mgongo, mwingine chini ya mapaja, mgeuze mzima mzima kama gogo. Nilikuwa natetemeka. Nesi kaniambia, "Baba, hutamvunja." Sikumwamini.

Jumamosi, 14 Septemba

Maumivu yamepungua baada ya mionzi. Wiki nzuri. Kala ndizi za nyama, kaomba na pilipili.

Abdu na jirani wa duka wamenisaidia kumtoa uani na godoro lake. Jua la asubuhi. Rehema kamsomea masomo yake. Zuhura kauliza mfupa mdogo kuliko yote uko wapi. Rehema kasema ndani ya sikio, mdogo kama punje ya mchele. Zuhura kacheka. Kasema huo nao utakuwa mzima, maana anasikia mama yake akikoroma.

Mama Shani kaja na bakuli la uji wa mchele. Kapiga magoti kwenye mkeka. Kasema yaliyosemwa mtaani aliyasema yeye, na aibu ni yake. Zuhura kamwambia, "Uliona ulichokiona. Hata mimi ningepiga kelele." Wamekunywa uji pamoja. Mimi nilibaki na shughuli zangu bombani. Bado sijamsamehe. Nimeandika hapa kwa sababu ni kweli.

Alasiri, tukiwa wawili tu, Zuhura kaniambia hakuogopa kisu peke yake. Mama yake mdogo alikatwa titi, mumewe akaoa mwingine, kisha akamrudisha kwao. Kasema, "Nilijua wewe siye yeye. Lakini kila nikitaka kukwambia namwona yeye." Nikamuuliza sasa ananiona nani. Kanitazama sana. Kasema, "Mzee mmoja muuza ndoo."

Jumatano, 25 Septemba

Kiu. Anakunywa maji hatosheki. Ananiita jina la marehemu baba yake. Kauliza mara tatu kama Rehema ameshazaliwa.

Hospitali wamesema chokaa ya mifupa inaingia kwenye damu, imezidi. Ndiyo kiu, ndiyo kuchanganyikiwa. Wamemwekea dripu, wamempa dawa ya kuishusha. Daktari wa miwani alipita. Kasema itashuka, na itapanda tena.

Kwa hiyo mifupa yake inayeyuka ndani ya damu yake. Naandika kwa urahisi kama habari ya mtu mwingine.

Jumatatu, 30 Septemba

Akili imerudi. Kaomba nyumbani. Hospitali hawakutuzuia.

Mama mkwe anamsomea Kurani asubuhi na jioni. Mimi namgeuza. Chini ya mgongo, chini ya mapaja, mzima mzima. Sitetemeki tena. Mwili wake hauna uzito.

Jumapili, 6 Oktoba

Zuhura amefariki jana baada ya alasiri. Nilikuwa namlowanisha midomo kwa pamba. Kavuta pumzi, nikasubiri nyingine. Mama yake akamfumba macho kabla mimi sijaelewa.

Tumemzika leo kabla ya adhuhuri. Watu wengi. Sokoni mstari mzima wamefunga. Mzee wa kile kikao ndiye aliyenishika kiwiko mpaka kaburini, hakuniachia. Mimi na Abdu tumeshuka ndani kumpokea. Nimeingiza mkono chini ya mgongo, mwingine chini ya mapaja.

Rehema alikuwa na wanawake walipomwosha. Alitaka mwenyewe. Kaniambia bibi mwoshaji alipofika kwenye mkono uliovunjika aliwazuia wote. Kasema usilazimishwe, usinyooshwe, maiti ana heshima yake kama mzima. Akauosha peke yake, kidogo kidogo. Rehema ndiye aliyemwagia maji.

Kaniambia maji yalikuwa ya uvuguvugu. Alitaka nijue hilo.

Jumanne, 8 Oktoba

Khitma. Watu, mabusati, sufuria za watu. Nimepokea pole mpaka neno limekosa maana.

Jumatatu, 28 Oktoba

Shule, duka. Mama mkwe amerudi Magomeni kwa siku chache kuangalia nyumba yake.

Asubuhi shati la Rehema limekatika kifungo. Kaja nacho kiganjani. Nikamwambia lete. Kasema ataweza mwenyewe, nikasema lete. Sijawahi kushona kitu. Uzi umenishinda kwenye tundu la sindano, kaniingizia yeye. Nimekaa kizingitini penye mwanga. Nimejichoma mara kadhaa. Kifungo kimekaa upande, na uzi niliotumia ni wa bluu, shati jeupe.

Kalivaa hivyohivyo. Kachukua begi. Kasema, "Shikamoo baba, naenda."

Nimeosha vikombe. Nimefungua duka saa tatu. Wateja wachache.